Baba Mkwe Nyuma ya Ukuta wa Jiko

Alhamisi, jioni. Mvua ilianza saa nane mchana, sasa yamebaki manyunyu. Mwamba wa Tororo hauonekani kabisa, mawingu yameumeza.

Shajara yangu, leo nina furaha hadi naona aibu kuiandika. Nina miezi mitatu tu ya ndoa, na bado nikisikia kengele ya baiskeli barabarani moyo unanidunda kana kwamba naposwa leo. Egesa wangu anafanya kazi kiwanda cha saruji. Anarudi na vumbi jeupe kwenye nyusi, kama babu wa miaka themanini, nami humpangusa kwa ncha ya kanga na kumwambia kwamba akizeeka kweli nitampenda vivyo hivyo. Anacheka. Jamani, mwanamume yule anavyocheka!

Lakini furaha ya leo haikuletwa na Egesa. Imeletwa na baba yake.

Kila mtu hapa nyumbani anajua kwamba nasoma kwa posta. Chuo kiko Nairobi, na somo ni ushauri nasaha, yaani kumsaidia mtu aliyelemewa kwa kumsikiliza na kuzungumza naye. Vijitabu hufika kwa dada yangu, ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, ambako ndiko nilikokulia. Navifuata siku ya soko na kuvivusha chini ya nyanya, maana askari wa mpakani akiona karatasi nyingi za Kiingereza atataka kujua zimetoka kwa nani. Ada alilipa Egesa. Wenzangu waliolewa wakanunuliwa vitenge, mimi nilinunuliwa masomo. Niambie kama kuna mke aliyependwa hivyo kutoka hapa mpaka Mulanda!

Wifi yangu Nabwire ananiita Daktari wa Maneno.

"Daktari," aliniambia juzi tukichota maji, "mgongo unaniuma. Nisemeshe kidogo nipone. Nikikataa kupona, basi nibebee huu mtungi."

Nilimbebea. Ningefanyaje?

Sasa niseme jambo ambalo nyumba hii hailisemi. Wandera, mdogo wake Egesa, alichukuliwa Tororo mchana kweupe na watu waliokuja kwa gari. Ilikuwa miezi miwili kabla ya harusi yetu. Hakuna anayejua aliko. Ndiyo maana harusi yetu haikuwa na ngoma, na ndiyo maana Mzee, baba mkwe wangu, alipunguza maneno mpaka yakabaki ya salamu tu.

Wiki iliyopita akavunja ukimya. Alisema Jumatatu hii inayokuja atakwenda kwenye lango la kambi ya jeshi kumuulizia mtoto wake.

Watu wamekwenda kuuliza pale, na wengine hawakurudi. Mama mkwe amelia. Mchungaji amekuja. Egesa alipiga magoti mbele ya baba yake, mume wangu mrefu vile, magoti yote mawili kwenye vumbi. Mzee alimjibu kila mtu maneno yale yale: "Mimi nakwenda."

Nikaona hapa ndipo masomo yangu yatakapofaa. Somo la nne lina zoezi: kaa na mtu mwenye uzito moyoni kwa nusu saa, msikilize, usimpe ushauri hata mmoja. Viti viwe sawa kwa urefu. Magoti yakaribiane. Mtazame machoni kwa upole.

Usinicheke, shajara. Nilijua mwiko. Hapa mke wa mwana hakai mbele ya baba mkwe wala hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja wao hupinda kando. Shangazi yangu alinieleza kabla ya harusi, akarudia siku ya harusi yenyewe. Lakini mimi nilikuwa na kijitabu, na kijitabu kilikuwa na picha.

Jumapili baada ya kanisa nikabeba kigoda changu, nikakiweka mbele ya Mzee akiwa anakula. Nikakaa. Nikamtazama machoni kwa upole.

Mzee aliliweka tonge chini. Akasimama, akaingia migombani bila hata kunawa mikono.

"Mwanangu!" Mama mkwe alipiga makofi. "Nani amekuroga?"

Nabwire alicheka mpaka akakaa chini. "Daktari, ulimtazama Mzee kama ng'ombe unataka kununua!"

Nilitamani kuvuka mpaka siku hiyo hiyo nirudi kwa dada. Egesa akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Nilijua nitagombezwa. Akanifuta machozi kwa kidole gumba, akasema, "Somo lako ni zuri. Kiti ndicho kibaya."

Nilimpenda upya. Nilidhani nimekwisha kumpenda kiasi cha mwisho, kumbe kulikuwa na zaidi.

Siku tatu Mzee akanikwepa kama kichaka cha upupu.

Basi leo mchana nilikuwa peke yangu jikoni, nimepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, nasaga nafaka ya wimbi kwa ugali. Mvua ikashuka ghafla. Nikasikia mtu amekimbilia chini ya upenu, upande wa nje, akaegemea ukuta wa udongo. Kikohozi nikakijua. Kati yangu na Mzee ulikuwepo ukuta ule tu. Yeye hanioni, mimi simwoni.

Nikaacha kusaga kwa heshima.

"Saga," akasema. "Usinyamaze."

Nikasaga. Ilinichukua muda kuelewa. Jiwe linapiga kelele, na sauti ya mzee nyuma ya kelele hiyo haifiki barabarani. Siku hizi hujui nani anapita.

"Wandera alitaka kuvuka," akasema. "Alipata kazi ya gari kule Kisumu. Mimi nikakataa. Nikamwambia, ukivuka usiniite baba tena."

Shajara, nilizidi kusaga. Egesa hajawahi kuniambia hili. Nadhani hata yeye halijui.

"Ulimkataza kuvuka," nikasema. Hivyo tu. Kijitabu kinasema mrudishie mtu neno lake alione.

"Nilikataza. Sasa angekuwa Kisumu, anakula samaki. Mimi ndiye nilimshika mguu."

Kinywa changu kilikuwa tayari kusema si kosa lako, baba. Watu wote wangesema hivyo, na mimi pia, mwezi mmoja uliopita. Niliubana ulimi kwa meno. Nikasaga. Nilitaka vilevile kumwambia usiende, baba, tunakuomba. Mara tatu neno hilo lilinifika mdomoni. Lakini ameshaambiwa na mchungaji, ameshaambiwa na mkewe, na lilikuwa halijamsaidia kitu.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali, basi nikamuuliza mimi.

"Jumatatu, baba, ukifika langoni, utasema nini?"

Nilisikia mvua tu na jiwe. Nikadhani amekwenda zake kama Jumapili.

"Nitasema wanichukue mimi, wamwache yeye." Akakohoa. Halafu akasema polepole, "Hapana. Wale sina neno nao. Neno langu ni la Wandera. Nataka kumwambia, mtoto wangu, nenda Kisumu. Nenda, na uniite baba."

Akalia.

Sijawahi kusikia mwanamume wa umri ule akilia. Sikumwambia nyamaza. Nilichota wimbi jingine na kusaga kwa nguvu zangu zote, mabega yakiwaka moto, ili Mama mkwe asisikie, wala Nabwire, wala mpita njia yeyote. Jasho na machozi yangu vilidondoka pamoja, na sitasema vilidondokea wapi, maana ugali huo tunaula.

Alilia muda mrefu. Akapenga kamasi. Mvua ilikuwa imepungua, nami nikapunguza jiwe.

"Mwambie Egesa Jumatatu siendi."

"Jumatatu huendi, baba."

"Sikusema siendi kabisa. Nasema Jumatatu."

"Nimesikia, baba. Jumatatu."

Nilikuwa nataka kuimba! Nilibaki nimepiga magoti kama mtu mzima, nikasubiri. Nikasikia anasimama, mkono wake unakwaruza ukuta.

"Kesho unasaga?"

"Nasaga, baba."

Akaenda zake kwenye manyunyu.

Naandika haya nikimsubiri Egesa. Nitampa ujumbe kama nilivyopewa, Jumatatu haendi, basi. Mengine si yangu kuyatoa, hata kwa mwanamume ninayempenda kuliko pumzi zangu. Somo la pili linahusu siri. Nililisoma haraka haraka nikiona ni jepesi, kumbe ndilo zito kuliko yote. Nairobi pia sitawaandikia maneno ya Mzee. Barua zinafunguliwa njiani, na jina la Wandera halitapita mikononi mwa mtu nisiyemjua. Kwa zoezi lao nitakaa na Nabwire nusu saa nisikilize habari za mgongo wake. Mungu anipe nguvu. Lakini mwalimu wangu nitamwambia kuhusu kile kiti. Nitamwambia kwamba huku kwetu kuna watu ambao ukiwatazama machoni umewafukuza.

Nasema bila haya: nitakuwa mshauri mzuri. Leo nimejua.

Na najua pia ambacho sijakifanya. Wandera sijamrudisha. Ipo Jumanne, na zipo Jumatatu nyingine nyingi baada ya hii, na lango la kambi halihami. Mzee hajaniahidi zaidi ya siku moja. Nilichonacho mkononi ni siku moja na kesho mchana.

Mama mkwe ameingia jikoni sasa hivi. Ameukuta unga umejaa beseni mbili na sufuria kubwa. Akaniuliza, "Mwanangu, tunategemea wageni?" Nikamwambia nilipitiwa. Bado hajafunua kapu la wimbi. Akilifunua ataona kwamba nimesaga wimbi lote la nyumba, hata lile alilolitenga la mbegu.

Kengele hiyo! Ni Egesa, amefika kwenye mgomba wa kwanza, amelowa chapachapa, na anapiga kengele kama anafukuza mbuzi. Mume wangu. Nakwenda kumpa habari yake.

Kesho mapema, kabla kapu halijafunuliwa, nitazunguka kwa majirani kuomba wimbi. Unga wa kula tunao mpaka mwezi ujao. Nitaomba la kusaga. Kwa wiki nzima, debe moja litatosha kweli?