Mama wa Robine Kichwani mwa Faustin

Jumatatu, 4 Machi

Nimefua mashati ya Faustin na kuyaanika juu ya mabanga. Haya mawe meusi ya volkano hukausha nguo upesi kuliko kamba. Mashati ya bwana wangu! Kila nikiandika neno hilo nacheka peke yangu. Chumba kimoja cha mbao, mtaani Katoyi, bati linavuja kona moja, na malkia wa humo ni mimi.

Nilimaliza sekondari, seksheni ya biolojia na kemia. Nikakimbia Masisi. Nikalala chini ya bashi, turubai la msaada, kambini Mugunga. Huko huko nikampata fundi huyu, anachonga chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, akipiga randa anavumisha wimbo puani. Hauna maneno. Hata sauti si nzuri. Ndio uliniua.

Siku hizi havumishi. Mguu, nadhani. Kipande cha bomu kilimwingia pajani kabla ya harusi. Hospitali walimdunga morfini, wakamruhusu arudi na vidonge vya tramadoli. Alifunga ndoa akichechemea. Mzuri kuliko wanaume wote waliosimama wima.

Jumatano, 6 Machi

Kidonda kimefunga kabisa. Nimekipapasa mwenyewe. Lakini vidonge haviishi, anavinunua kwenye kibanda cha dawa. Zamani alimeza kimoja. Sasa anavimimina kiganjani bila kuangalia.

Leo nimevaa kitenge cha harusi, kile cha kijani. Nimepika sambaza, visamaki vya ziwani, na pilipili. Amekula mpaka sahani ikaisha, sidhani anajua alikula nini. Kitenge hakukiona. Akimeza vidonge uso unalegea, anatabasamu. Si kwangu. Anatabasamu na ukuta.

Nina wivu na kidonge. Nimeandika. Ni kweli.

Mama mkwe alipita. "Mutoto, bwana akinyamaza namna hii unamupikia ndizi na nyama, unamupaka mafuta mugongoni. Atacheka tu. Baba yake alikuwa vile vile." Nimepika ndizi. Nimepaka mafuta. Amelala usingizi.

Je, hanipendi tena? Hata miezi miwili hatujamaliza.

Jumamosi, 9 Machi

Nimevitupa. Vyote, chooni, pamoja na pakiti. Nilisali kwanza. Kisha nikajiambia: mimi nitamtosha.

Alirudi kutoka kazini, akatafuta chini ya mto, nikamwambia. Niliogopa. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akiangalia mikono yake. "Sawa, bibi yangu. Nijaribu basi."

Nijaribu! Nimelia kwa furaha. Kesho atakuwa Faustin wangu.

Jumapili, 10 Machi

Anatapika. Anaharisha. Jasho, halafu baridi, halafu jasho. Hakuna kanisa leo.

Jirani amechungulia mlangoni na kupiga yowe: "Kolera! Kolera iko hapa!" Kambini imejaa, kila mtu anaijua. Wamemlaza juu ya chukudu, moja aliyoichonga mwenyewe, wakaisukuma mbio kwenye mawe mpaka kwenye hema la kolera. Watu walikimbia pembeni. Mama mkwe nyuma, viatu mkononi, akimwita Yesu.

Ninaandika nje ya hema. Miguu yangu imepuliziwa maji ya klori. Mungu, usiniachie ujane kabla ya kuzoea ndoa.

Jumatatu, 11 Machi

Si kolera.

Mama Adolfina, muganga, yaani muuguzi wa hema lile, ni mnene na ana sauti ya kwaya. Alimtazama Faustin kwa muda mrefu kabla ya kumpima. Mboni za macho zimepanuka. Ngozi imesimama vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Makamasi. Miayo bila mwisho.

"Mutu wa kolera hapigi miayo namna hii. Alikuwa anameza nini?"

Nikamwambia nimevitupa. Nilingoja sifa. Akajishika kichwa. "Vyote mara moja? We bibi mupya, ungeniulizaka!" Kuacha ghafla vile kungeweza kumletea hata kifafa, alisema.

Daktari akaamuru Faustin arudishiwe dozi ndogo. Alipotulia, Mama Adolfina alinikalisha juu ya bidoni, dumu la maji, akanieleza. Shuleni nilivichora vipokezi vya seli, nikapata pointi nzuri, nikavisahau. Leo nimevielewa.

Ubongo wenyewe hutengeneza kitu kinachofanana na morfini. Kidogo tu, kwa maumivu na kwa raha. Seli zina vipokezi vya kukipokea. Morfini na tramadoli huingia katika vipokezi hivyo hivyo, lakini kwa nguvu kupita kiasi.

"Unajua robine ya maji kambini, na mama anayeilinda?" Ninamjua! Nani hamjui? Anafungua bomba kidogo, anafunga, anafokea kila mtu. "Ndani ya kichwa maji ni dopamini. Inamwambia mutu: hii ni nzuri, rudia. Na kuna seli zinazoilinda kama yule mama. Dawa inamulaza mama usingizi. Maji yanamwagika."

Na ubongo ukiona maji yamezidi, unajilinda. Unaondoa bidoni za kuyatekea. Vipokezi vingine vinafichwa, vingine havisikii tena. Ndiyo maana kidonge kimoja hakikutosha. Ndiyo maana sambaza, kitenge cha kijani, mke mpya, vyote vilimpita. Raha ya kawaida ni maji machache, na bidoni hazipo.

Tena vipokezi vile viko tumboni pia. Dawa hulifunga tumbo. Ikikosekana, tumbo linaamka na fujo. Tukaita kolera.

"Kwa hiyo bado ananipenda?" Niliuliza hivyo, mbele ya wagonjwa. Walicheka, hata mmoja mwenye sindano ya maji mkononi. Mama Adolfina hakucheka. "Anakupenda. Hajapata tu bidoni ya kukutekea."

Bidoni zinarudi, kasema. Polepole. Dawa ipunguzwe kidogo kidogo, yeye atatupatia ya kila wiki. Nimembusu Faustin mbele ya mama mkwe. Haifanyiki. Nimefanya.

Alhamisi, 14 Machi

Vidonge nimevifunga kwenye pindo la kitenge, kiunoni. Jioni aliomba cha ziada. Nikakataa. Magoti yake hayatulii, halali, anakasirikia hata mvua.

"Ulikuja kuolewa ao ulikuja kunichunga kama ng'ombe?"

"Ng'ombe wa baba yangu walikuwa na adabu!"

Alitoka akipiga mlango. Mizinga ya upande wa Sake inasikika tangu asubuhi, na yeye yuko njiani na mguu ule. Nikaketi na pindo langu, mkono juu ya fundo. Kibanda cha dawa kiko kwenye kona. Ningemfuata? Nilibaki. Ubavu mzima unauma kwa kubaki.

Amerudi. Amelowa. Amesema, "Nilifika kwenye kibanda. Nikasimama. Nikarudi." Nimemkausha nywele kwa kitenge cha kijani, vidonge vikining'inia mbele ya pua yake. Hakuvigusa. Ninampenda mpaka ninaumwa meno.

Alhamisi, 21 Machi

Dozi imepungua tena. Mama Adolfina alitaka tungoje kidogo, Faustin mwenyewe akasema hapana, apunguze. Mama mkwe ameacha mambo ya ndizi. Sasa anawaeleza majirani wote habari za mama wa robine, kana kwamba aligundua yeye. Anakosea nusu. Namwacha.

Wakimbizi wengine wamepita na magodoro. Faustin amechongea familia moja gurudumu bila kuombwa. Jioni alilia bila sababu. Nikamshika. Bado hajafika, najua.

Jumapili, 31 Machi

Mvua imekatika. Baada ya kanisa nimepika sambaza. Alionja, akasimamisha mkono. "Pilipili imekosa." Kweli imekosa! Nilisahau! Nimetoka nje haraka asione uso wangu.

Maharage ya jioni yako motoni. Ninaandika nimekaa kwenye mabanga, mgongo kwenye ukuta wa mbao. Ndani, Faustin anapiga randa mpini wa jembe la jirani. Mizinga imenyamaza leo.

Anavumisha. Puani, hajui kama anavumisha, wimbo unampotea palepale ulipokuwa ukimpotea Mugunga. Nikiingia atanyamaza.

Maharage yanaungua. Nayasikia. Yaungue.