Baba, Nimeuona Ua wa Kwenye Kalenda

Baba yangu, mwenye shamba la mtoni,

Nakuandikia nikiwa Uingereza, kijijini, dirishani, na mbele yangu kuna kilima cha kijani kama kile cha kalenda yako. Nina wiki tano za ndoa. Mume wangu, Godana, yuko jikoni anachemsha chai na kuimba, tena anaimba vibaya, na mimi namsikiliza kama redio. Tumefikia kwa wifi yangu Hawo, dada yake, ambaye ni muuguzi huku. Tiketi ndiyo zawadi aliyotupa ya harusi.

Kalenda ile unaikumbuka. Ilikaa ukutani kwetu Garsen miaka mingi baada ya mwaka wake kwisha, kwa sababu ya picha moja tu: ng'ombe wanene, majani mengi, na hakuna mwiba hata mmoja. Ulikuwa ukiitazama huku unapuliza chai.

"Mama, wale ng'ombe wanazuiwa na nini?" Uliniita Mama kwa kuwa nina jina la mama yako.

"Sijui, Baba."

"Basi ukisoma ukafika huko, uniangalizie."

Nilisoma mpaka kidato cha nne, nimefika, na nimekuangalizia. Wanazuiwa na mawe, Baba. Kuta za mawe yaliyopangwa bila simiti, jiwe likikalia jiwe, zinapanda kilima na kushuka upande wa pili. Kwingineko ni vichaka vilivyosukwa vikashikana hata kuku hapenyi. Nimeupapasa ukuta mmoja kwa kiganja, kwa niaba yako.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya mawe tu. Kabla ya safari nilimwambia mama kwamba nataka kuifungua ile malka, njia ya mifugo ya kwenda mtoni, uliyoifunga kwenye shamba letu. Hakuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akipepeta. "Mwenye ua ni baba yako," akasema. "Kamuulize." Wewe una miaka miwili kaburini, naye anasema kamuulize. Basi nimekuja kukuuliza.

Nakumbuka njia ile ikiwa wazi. Tulikaa juu ya dungu mimi na wewe, tukifukuza ndege kwenye mpunga, na mimi ndiye niliyewaona kwanza kina mama wa Kiorma wakija na vibuyu vyao. Walikuachia maziwa, ukawapa ndizi, na ng'ombe wao wakapita pembeni kwa mstari hadi majini. Kisha ukaja ule ukame. Kundi moja liliingia kwenye mahindi yaliyobakiza siku chache kuvunwa. Kesho yake ulikata matawi ya mathenge yenye miiba, ukaziba njia, ukaniambia, "Mama, ua ukiwa na tundu, mkulima ni mtumwa." Tangu siku hiyo nikikuta kitu wazi mkono wangu unakwenda wenyewe kukifunga. Hata Godana, kijana wa Kiorma, alipokuja nyumbani mara ya kwanza, ulimpa kiti, ukamsikiliza, na alipoondoka ukasema, "Kijana ni mzuri. Lakini ng'ombe wake wapite kwingine."

Sasa nikusimulie likizo yetu. Jirani wa wifi ni Bi Maggie, mjane mwenye ng'ombe na sauti kubwa, na siku ya kwanza tu alitupa mawaidha ya kutembea mashambani. Vaeni viatu vya mpira hata kukiwa kukavu. Koti la mvua libebeni, jua la huku halina ahadi. Msipite kati ya ng'ombe na ndama wake. (Godana aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kana kwamba hakuzaliwa zizini.) Kwenye barabara nyembamba, mkipishwa, inueni mkono. Na mimi naongeza yangu: salimieni kila mtu, nunueni mkate mapema maana duka la kijiji hufungwa mapema, na mkioana karibuni chagueni kilima chenye upepo, ili mume apate sababu ya kukufunika na koti lake.

Ajabu kubwa ni njia. Baba, huku kuna njia za miguu zinazokatiza katikati ya mashamba ya watu, na mgeni anapita bila kuomba ruhusa. Siku moja tulipita kwenye malisho ya Bi Maggie. Tulikuta lango liko wazi, na mkono wangu ukafanya ulichoufundisha. Nililifunga, nikaweka na komeo, nikajisifu. Tukapanda kilimani kula.

Tulipokuwa tunarudi alasiri, jua likiwa kali, ng'ombe walikuwa wamejazana langoni wanalia.

"Wanatuogopa," nikasema.

"Hicho si kilio cha woga," Godana akasema. "Wana kiu." Akaonyesha ng'ambo ya lango. Birika la maji lilikuwa kule, nami nilikuwa nimewafungia huku.

Alikimbia kulifungua. Wakapita wakisukumana, wakanywa kwa kelele, naye akawatazama mpaka wa mwisho alipoinua kichwa. Kisha akanigeukia. "Watu walinionya. Nimeoa ua wa mathenge."

Nilicheka, Baba, kisha nikalia kidogo begani kwake.

Bi Maggie alikuja na trekta, nikamwambia kweli yote. "Lango unaliacha ulivyolikuta," akasema. "Wazi, wazi. Limefungwa, limefungwa. Sababu anaijua mwenye shamba."

Nikamuuliza kama haogopi wageni kukanyaga mimea yake. Akaniona mtoto. "Njia hii niliikuta. Bibi harusi, mtu mwenye pa kupita hakanyagi pengine."

Nimeyalalia maneno hayo siku tatu. Kwa sababu baada ya wewe kuifunga malka, ng'ombe hawakuacha kuja. Kiu haijui ua. Kila kiangazi walivunja mahali papya, nawe ukaongeza mathenge, na mwaka wako wa mwisho ulikuwa unaziba matundu manne kwa mikono iliyokuwa inatetemeka. Nilikushikia miba, sikusema kitu. Leo nasema. Ulikuwa unalinda chakula chetu, na nilikula nikashiba. Lakini shamba la mtoni uliniachia mimi, na kiangazi kinakuja.

Nitaifungua, Baba. Sitaacha tundu, naweka lango. Upande wa mpunga tutajenga ua imara, na wazee wa Godana wamekubali kuweka mchungaji wa kusimama pale ng'ombe wakipita. Nguzo za lango nimeshazichagua. Zitakuwa zile nguzo mbili za dungu letu, ambazo mchwa hawajaziweza. Zimezoea kulinda mpunga wako.

Ng'ombe wake hawatapita kwingine. Na asubuhi ya kwanza nitasimama nguzoni na mkungu wa ndizi, nikisubiri maziwa.

Chai imeiva, mume wangu ananiita. Lala salama, Baba. Ua wako ninao mimi.

Ni mimi binti yako, uliyeniita Mama