Misalaba Myekundu kwenye Miti ya Avenyu Yetu

Jumatano, kiangazi kinaelekea mwisho. Tangu asubuhi mawingu yamekaa upande wa ziwa, meusi, hayasogei. Hakuna upepo. Pikipiki ikipita, vumbi linanyanyuka na kubaki hewani kana kwamba limesahau kushuka.

Sijui nianzie wapi. Nianze na kosa langu.

Jumatatu nilitembea avenyu yetu yote, hapa Nyakasanza, nikiwa na kopo la rangi nyekundu. Nafanya kazi na kikundi kidogo kinachotunza miti ya barabarani. Mwaka huu ukame umekuwa mrefu hadi udongo umeachana na mashina ya mikalitusi; unaweza kuingiza kiganja kizima ndani ya ufa. Watu wanaamini mti wenye kiu unaokolewa na mvua. Nimesomea agronomia, najua mvua hiyohiyo ndiyo inayouangusha. Mizizi imeshakufa upande mmoja, udongo unalainika ghafla, matawi yanakuwa mazito kwa maji, kisha unakuja upepo. Kwa hiyo kabla ya mvua tunapunguza matawi, tunamwagilia kidogo kidogo, tunatandaza nyasi kavu chini, tunachimba mifereji. Ule uliooza ndani tunauangusha wenyewe.

Kuujua ni kwa kugonga. Napiga shina kwa nyundo ya mbao, nasikiliza. Mti mzima unajibu kwa sauti fupi, karibu. Mti ulioliwa na mchwa unajibu kwa mbali.

Kati ya miti arobaini na mitatu, kumi na mmoja ilijibu kwa mbali. Nikaipiga msalaba mwekundu, kila mmoja, mbele ya geti la mwenyewe. Sikumweleza mtu. Sikuandika hata kwenye daftari, maana rangi ilinitosha. Nilijiona nafanya kazi safi.

Leo nilitoka nyumbani kungali giza, kumfuata Udaga kwake. Udaga ndiye fundi wetu wa kukata. Tuliporudi na msumeno na kamba, jua lilikuwa limeshatoka, na tulisimama mwanzo wa avenyu.

Miti yote ilikuwa na msalaba.

Yote arobaini na mitatu. Mingine ilichorwa kwa udongo mwekundu uliokandwa na maji, mingine kwa tofali lililosagwa, mmoja kwa rangi ya kucha. Hata misalaba yangu ilikuwa imepakwa udongo juu yake, sikuweza tena kuitofautisha. Migomba pia. Hata nguzo ya umeme. Mageti yalikuwa yamefungwa na hakuna redio iliyolia, saa mbili asubuhi, kwenye avenyu ambayo siku nyingine huwezi kusikia mawazo yako.

Udaga alicheka. "Dada, hata poto ya umeme iko mugonjwa? Ile utapanda weye mwenyewe." Kisha akaona sicheki, akatupia kamba begani.

Tulipanda hadi juu, kwetu. Mparachichi wetu ni mzima, Jumatatu sikuugusa. Sasa nao ulikuwa na msalaba, wa mafuta ya mawese na vumbi la tofali, kwenye urefu wa bega la mama yangu.

Mti mmoja niliukumbuka bila msaada wa rangi. Ni kalitusi ya Mama Mbabazi, mjane anayeuza maziwa. Imeinama juu ya chumba anacholala na wajukuu wake wawili. Hiyo ndiyo iliyojibu kwa mbali zaidi ya yote. Nikaenda kuigonga tena, kuhakikisha.

Kutoka ndani ya nyumba sauti ikajibu: "Hakuna mutu huku."

Nilikuwa nimegonga mti. Sikuwa nimegonga mlango.

Tulisubiri. Mwishowe Mama Mbabazi akafungua geti, upana wa uso wake tu.

"Ni weye uliandika musalaba kwa muti yangu?"

"Ni mimi, mama. Muti iko mugonjwa."

"Muti iko mugonjwa. Na nyumba?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, bila hasira. Ile miaka mibaya ya vita, watu waliamka wakakuta alama kwenye mlango wa jirani. Alama tu, hakuna maneno. Kesho yake ile nyumba haikuwa na watu.

Nilikuwa nimeshazaliwa. Miaka ile nilibebwa mgongoni. Kwetu hakuna aliyewahi kunisimulia, na shuleni tulikariri tarehe.

"Jana usiku, weye ulikuwa umelala, tulisaidiana," akasema. "Kama siye wote tuko na alama, hakuna mwenye iko na alama."

Nikamuuliza kama mama yangu alikuwa pamoja nao.

"Ni yeye alianza."

Nilimsihi aturuhusu tupunguze matawi leo hii, kabla mawingu hayajafika. Akakataa. Nikamwomba basi alale kwa jirani na watoto, siku mbili tu. "Ile ndo banatakaka," akasema, "tutoke ndani ya nyumba."

"Ni nani banataka, mama?"

Aliangalia barabara, juu hadi chini, nami nikajikuta naangalia pamoja naye. Ilikuwa tupu.

Kisha akatoa sharti lake. "Anza na muti ya kwenu. Kesho asubuhi, kama nyumba yenu ingali na watu, ukuje kwa yangu."

Mama yangu alikuwa anachambua maharagwe. Nilimweleza. Mparachichi umejaa maua, na anaupenda kuliko kitu chochote kwenye kiwanja chetu. Hakuinua kichwa. "Mukate upande wa barabara," akasema, "watu waone."

Udaga akapanda. Kila tawi lilipoanguka nilihisi nyua zote zinatazama. Nyuma ya uzio mmoja mwanamke akapaza sauti: "Agronome! Ni avoka iko mugonjwa, ama ni kichwa yako?"

"Ni yote mbili!" Udaga akajibu kutoka juu. Vicheko viwili vitatu vikasikika.

Mchana tulichimba mfereji mbele ya kalitusi ya Mama Mbabazi, upande wa barabara, kwa kuwa barabara haina mwenyewe. Maji yatapita pembeni kidogo. Hilo ndilo tu tuliloruhusiwa. Kama mvua itakuja usiku huu, mfereji hautatosha, najua.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro. Upepo umeanza, mdogo, wa baridi. Naandika nikiwa nimekaa kizingitini. Watu wanapita mbele ya geti letu polepole kuliko kawaida. Hawasalimii. Wanatazama madirisha yetu kama mtu anayehesabu. Avenyu nzima inasubiri kujua kama kesho tutakuwepo, na mimi niliyesoma, ninayejua kwamba hakuna anayekuja, nimeshakagua komeo mara tatu.

Hivi punde nimemuuliza mama ilikuwaje usiku ule, kwa jirani.

"Ulikuwa unalia sana," akasema. "Niliweka mukono kwa mudomo yako mpaka asubuhi."

Aliinuka, akaenda kuwasha moto.

Nimekaa na maneno hayo. Mkono wake ni mdogo. Unanuka moshi na sabuni. Nimeujua maisha yangu yote.

Kesho nitafungua geti mapema kuliko siku zote. Nitafagia barabarani, mbele ya macho yote, na kila atakayepita nitamsalimia kwa jina lake, kwa sauti kubwa, hadi Mama Mbabazi anisikie kule chini.

Mama anasema atatoka pamoja nami.