Video ya Mama Kihara

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Nyeri
Tarehe: 20 Machi 2025, saa nne asubuhi

Jina: Phyllis Wakiuru Gatimu
Umri: Miaka 38
Kazi: Mpiga picha na mhariri wa video za harusi na mazishi
Makazi: Ruring'u, Nyeri

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Niko na duka la video mjini Nyeri, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Ninayoyasema hapa niliyaona na kuyasikia mimi mwenyewe.

Theuri tulisoma naye chuo cha ufundi. Yeye alienda upande wa kompyuta, mimi upande wa kamera. Ndiye aliyesimamia harusi yangu, na mtoto wangu wa kwanza humwita anko.

Mnamo Januari 2024 laptopu yangu iliingiwa na virusi, nikapoteza video ya harusi nzima ya watu wa Karatina. Nilimpigia Theuri nikilia. Alikuja siku hiyo hiyo, akafuta kila kitu na kuniwekea mfumo mwingine unaoitwa Linux. Alisema haisumbuliwi sana na virusi. Kisha akaweka programu ya kupeleka kazi zangu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Alinionyesha folda moja inayoitwa Kazi. Chochote nitakachoweka humo kitapanda chenyewe, na kikimaliza kupanda kitapata alama ya kijani.

Aliniambia, "Sasa hata wakiiba hii mashine leo, kesho unanunua ingine na unapata kila kitu."

Nikamuuliza, "Na hiyo akaunti ni ya nani?"

Akasema, "Ni yako. Mimi nimekufungulia tu."

Sikuangalia. Kila jioni nilikuwa naona alama ya kijani na ninafunga duka nikiwa nimetulia. Kadi za kamera nilikuwa nazifuta na kuzitumia tena, kwa sababu niliamini kazi iko salama mahali pengine.

Mnamo tarehe 14 Novemba 2024 alikuja dukani Bi. Watiri kutoka Mukurwe-ini, mjane, ambaye watu humwita Mama Kihara. Alikuja peke yake, amevaa koti la kanisa. Alisema anataka kuzungumza na watoto wake wawili, Kihara na Mwai, lakini wasione mpaka siku atakapozikwa. Alisema, "Kihara asikie yote, na asikie kwa mdomo yangu. Si kwa mtu mwingine." Nilifunga mlango, nikawasha kamera. Alizungumza karibu dakika ishirini. Mara mbili aliomba tusimame anywe maji. Tulipomaliza alinishika mkono akaniuliza ni nani mwingine anaweza kuona. Nilimwambia hakuna. Nikaiweka ile video katika folda ya Kazi, kwa jina lake.

Mnamo Jumapili tarehe 9 Machi 2025, nikitoka kanisani, Kihara alinipigia simu. Nilimfahamu kwa sababu ndiye huleta maziwa ya mama yake mjini. Alisema Mwai ameweka kipande cha video katika kundi la WhatsApp la familia, na nyuma ya mama yao kuna pazia la duka langu. Akanitumia. Kilikuwa kipande kifupi sana. Mama Kihara anasema, "Kihara si mtoto wa tumbo yangu. Watu wengi hawajui hivyo." Basi. Kinakatika hapo.

Nilimwambia Kihara kwamba sauti ni ya mama yake lakini maneno yanaendelea. Akasema, "Hiyo nimesikia inatosha." Nilisikia baadaye kwamba jioni hiyo alifunga mlango wa nyumba yake, akaenda Kianyaga kwa rafiki yake anayefanya kazi ya majani chai, akazima simu.

Jumatatu tarehe 10 nilifungua duka mapema. Video ile sikuwa nimempa mtu yeyote, na mlango haukuwa umevunjwa. Nikafungua mipangilio ya ile programu kwa mara ya kwanza tangu iwekwe. Mahali pa mwenye akaunti paliandikwa anwani ya barua pepe ya Theuri. Kila nilichoweka kwa Kazi kilikuwa kimepanda kwake, kwa mwaka mzima na zaidi.

Nikampigia. Nilimuuliza, "Theuri, hii akaunti ni ya nani?"

Akasema, "Wakiuru, wacha kupanic. Mwai ni mtu wetu. Nilionelea ako na haki ya kujua mambo ya boma yao, nikamtumia."

"Ulikuwa unaangalia video za wateja wangu?"

"Ati kuangalia? Nilikuwa napitia tu nione kama system iko sawa."

Nilimwambia naenda polisi. Akakata simu. Nilikuwa bado nimeketi mbele ya laptopu wakati faili zilianza kupotea. Harusi ya Othaya ilienda. Mazishi ya mwalimu yalienda. Nilifikiri ni macho yangu. Wakati huo ndio nilielewa kwamba kile nilichodhani ni akiba kilikuwa kinafuata mkono wa Theuri: akifuta kule, na huku kwangu kinafutika. Nilichomoa waya wa intaneti, lakini video ya Mama Kihara ilikuwa imeshaenda. Nililia hapo dukani, kisha nikaja hapa kituoni na kuandikisha malalamiko kwa Konstebo Wasike.

Jumatano tarehe 12 nilisikia kwamba Mama Kihara ameanguka jikoni kwake. Amepooza upande wa kushoto, na maneno hayatoki. Kwa hivyo hangeweza kusema tena yale aliyoyasema.

Mimi nilikuwa nayakumbuka. Nilienda Kianyaga Ijumaa, nikamtafuta Kihara mpaka nikampata, nikamweleza. Alinisikiliza akiangalia chini. Kisha akaniuliza, "Hayo umeongeza wewe ndio nirudi?" Nilirudi Nyeri bila yeye.

Jumanne tarehe 18 Theuri aliitwa hapa kituoni. Alisema amefuta kila kitu na hakuna cha kuonyesha. Konstebo Wasike alimwambia afungue akaunti mbele yetu, aonyeshe hata pipa la takataka. Alikataa, halafu akafungua. Faili zote zilikuwa humo, zikingoja mwezi uishe ndio zifutike kabisa. Konstebo aliichukua video ya Mama Kihara na kumpigia rafiki wa Kihara kule Kianyaga.

Kihara alikuja alasiri hiyo. Alipewa kiti na visikilizio, nikasimama mlangoni. Baada ya kipande alichotumiwa, mama yake anaendelea kusema kwamba Kihara ni mtoto aliyeachwa na mdogo wake yeye Mama Kihara, aliyefariki akijifungua. Anasema, "Huyo ndiye alinifanya niitwe mama, kabla Mwai azaliwe. Shamba mgawane sawa. Yeyote atamwita Kihara mgeni, asitupe mchanga kwa kaburi yangu." Hapo Kihara aliomba irudishwe. Ilirudishwa. Akatoa visikilizio, akauliza gari la mwisho la Mukurwe-ini huondoka saa ngapi.

Theuri alipokuwa anatoka alinisimamisha koridoni. Alisema, "Si nimefungua? Imepatikana. Toa hiyo kesi, tusiharibiane." Nikampita, nikatoka nje.

Jana tarehe 19 nilienda hospitalini. Kihara alikuwa anamlisha mama yake uji kwa kijiko. Mama aliponiona aligeuza uso ukutani. Nilisema, "Mama, ni Theuri alitoa, si mimi." Kihara alipangusa mdomo wa mama yake kwanza, ndipo akaniambia, "Anajua ni Theuri. Lakini ni kwako alikuja."

Nimeanza kuwapigia simu wateja wote ambao video zao zilikuwa kwa ile folda, kuwaambia kuna mtu aliziona. Wa kwanza, mama wa Othaya, aliniuliza kwa nini nilimpa huyo mtu mlango wa duka langu. Nikamwomba msamaha, nikapiga namba iliyofuata.

Nimeulizwa kama ninaondoa malalamiko. Siondoi.

Niliyoyaeleza ndiyo hayo, na ni ya kweli kadiri ninavyojua.

Sahihi: P. Wakiuru

Yameandikwa nami, Konstebo J. Wasike. Nimemsomea shahidi kwa Kiswahili, lugha anayoielewa, akakubali na kutia sahihi mbele yangu saa sita na robo mchana. Laptopu moja imechukuliwa kama kielelezo. Shahidi ameomba iandikwe kwamba video zilizomo zisitazamwe na mtu yeyote ambaye hatakiwi na kesi hii. Imeandikwa.