Bastola ya Kung'aa Inarudi Thika

Ruiru, Jumamosi jioni

Inarudi Thika. Asante Mungu, inarudi.

Bwana, mzungu mwenye shamba, alileta bastola mbili kuukuu kutoka duka moja la Thika ili achague moja ya kupigia risasi zake, nyingine airudishe, zile anazojaza baruti mwenyewe kwenye maganda ya zamani. Tangu serikali itangaze Hali ya Hatari, woga unamfanya azidi kuongeza baruti. Na anayezijaribu kwanza ni mimi, fundi wake wa mashine ya mkonge.

Nilitikisa kila moja karibu na sikio, kama ninavyopima beringi za mashine kujua zilizolegea. Nyeusi ilinyamaza. Ya kung'aa, silinda yake, ile ya kuwekea risasi, ililegea ikagonga tik, tik. Kwa baruti nyingi vile, hiyo ingenipasukia mkononi.

Bwana akacheka. "Yohana, wewe nasikiliza redio? Mimi nataka hii mzuri."

Kubishana naye naogopa, lakini maneno yalinitoka tu. "Sawa, bwana. Basi hii leo upige wewe kwanza."

Kicheko kikaisha. Akaipeleka sikioni, akaitikisa mara mbili, akairudisha kwenye boksi la dukani.

Ile nyeusi nimeipiga mara sita, salama. Sasa mke wangu anauliza nacheka nini peke yangu. Naangalia tu mkono ulioshika kalamu. Vidole vyote viko.