Sabuni ya Mawese ya Mama Neema

Jumapili. Mawingu mazito juu ya Ilemela, upepo hakuna.

Mwambao huu wote hakuna mwenye bahati kunizidi. Ziwa limenilisha, limenivika, na halijawahi kunichukulia mtu.

Shule iliniacha njiani, lakini Kisumu nimefika na Entebbe nimelala. Zama hizi za biashara ruksa, viwanda vinapeleka minofu ya sangara Ulaya. Mafuta ya tumboni yanatupwa, nayaokota mimi. Akina mama wa Buzuruga wanatupa maganda ya ndizi. Nayachoma, majivu nayachuja nipate magadi. Nachanganya na yale mafuta, natia mchaichai, nakoroga mpaka iwe sabuni. Wanawake wa mjini wanasema sabuni hii imetoka Nairobi. Siwabishii.

Leo amekuja Mama Neema, mjane wa rafiki yangu. Mtumbwi wa mumewe ulipinduka masika, mwili haukuonekana. Tangu hapo nyumba yake haili samaki, maana huwezi kujua samaki huyo naye amekula nini. Kesho wakwe zake wanazika mgomba badala ya mtu, na yeye lazima aoge atoke msibani.

Kipande cha sabuni yangu alikishika kwa ncha za vidole.

“Shemeji Kulwa, naogea hii tangu msiba. Jana ndiyo naambiwa ni mafuta ya sangara.”

Utani wote ulinikauka.

Nikampa nyingine, ya mawese ya Kigoma, iliyopikwa sufuria yake peke yake. Bure.

“Apa haina samaki.”

“Haki ya Mungu.”

“Mungu unamwapia wateja kila siku. Apa kwa uhai wa pacha wako, huyo Doto anayekula matoke Entebbe.”

Sikuapa.

Sabuni ilikuwa safi, na sikuapa. Akanitazama, akaiweka chini taratibu, akaenda zake. Anaamini nilitaka kumpaka mumewe mwilini tena.

Kila anayesikia naitwa Kulwa huuliza Doto yuko wapi. Nasema Entebbe, ameoa Mganda mnene kuliko nyumba yangu. Watu wanacheka, nami nacheka nao.

Mimi mwenyewe sabuni yangu siiogei. Samaki siwali, nasema nimewakinai.

Asubuhi, kabla hawajachimba, nitampelekea ile ya mawese na kumwambia kwa nini ulimi uligoma.

Doto hayuko Entebbe. Alizama, hatukumpata, hata mgomba hatukuzika. Bahati niliyoandika hapo juu ni uongo.