Ubavu wa Birika ni Wangu, Ujazo ni wa Wanaume

Jumapili, 6 Aprili 2025

Pasaka hii tunabatizia ndani! Maji ya Mississippi bado ni baridi ya kuua mtu. Shemasi Gilbert amenunua birika la mabati, lile la mviringo la kunyweshea ng'ombe. Litakaa ghorofani, kwenye ukumbi tunaopanga hapa Saint Paul. Binti yangu Merveille yumo kati ya watakaobatizwa. Nimeliombea jambo hili tangu tukiwa kambi ya wakimbizi.

Kisha Gilbert, mbele ya watu wote: "Mama Merveille, wewe ulikuwa mwalimu wa hesabu. Utupimie kitenge ya kuzungusha hii birika, isionekane ya ngombe." Yeye kasema vitenge vitatu. Vitatu! Kajumlisha ubavu, kitako na mdomo. Nani anavalisha maji kitenge?

Jumanne, 8 Aprili

Nimepima. Kipenyo mita 2,4. Kimo sentimita 60. Mzingo ni kipenyo mara pai: mita saba na nusu hivi. Zidisha kwa kimo — ubavu una mita za mraba nne na nusu. Basi. Kitenge kimoja cha yadi sita, nikikipasua kati kwa urefu na kukiunga, kinazunguka na kubaki.

Uzuri wake sasa: kimo ni nusu ya nusukipenyo, hivyo kitako nacho kina eneo lilelile, nne na nusu. Nilicheka peke yangu pale ukumbini. Nikifundisha Uvira ningeliweka swali hili kwenye mtihani.

Halafu kicheko kikanikauka. Kitako mara kimo — mita za ujazo 2,7. Za maji! Hizo ni tani mbili na kilo mia saba, juu ya sakafu ya mbao. Kando ya ngazi kuna kibao cha mwenye jengo: mzigo usizidi kiasi fulani. Wameandika kwa pauni, nimegeuza. Inakuja chini ya kilo mia nne kwa mita moja ya mraba. Birika likijaa ni mia sita, bado mchungaji na anayebatizwa hawajaingia.

Na chini ya pale ndiko watoto wadogo wanakosoma neno.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimewaambia mbao hazitabeba; hesabu yenyewe hawakunipa nafasi kuitaja. Dawa ni nyepesi: chini sakafu ni ya saruji, birika lishuke, watoto wapande. Gilbert kacheka. "Mama, mayi haina uzito. Ziwani tulibatiza watu wangapi, nani alipima ziwa?" Ziwa lilikuwa ghorofani?! Nikamwambia amuulize basi mwenye jengo. Kakataa, eti atatunyima ukumbi. Kule chini nako eti hakufai, kuna picha za watoto ukutani.

Mchungaji Bagalwa akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: wazo zuri sana mama, tutaliombea. Kisha akauliza kitenge ni rangi gani.

Rangi! Nusukipenyo ni kilekile, kimo ni kilekile. Nikitafuta eneo mimi ni mwalimu. Nikitafuta ujazo mimi ni mwanamke mwenye maneno mengi. Nina hasira!

Jumanne, 15 Aprili

Sikio la kufa halisikii dawa. Nimewapa njia nyingine: wajaze kidogo tu, nusu ya kimo. Gilbert: ubatizo ni kuzama, si kunawa miguu.

Merveille kanisihi kwa Kiingereza chake nisimwaibishe. Wenzake wa kwaya wanakuja, na gauni jeupe limeshashonwa. Nimemwambia sitamwaibisha. Sijui kama nimesema kweli.

Jumamosi, 19 Aprili

Kitenge nimekishona, cha bluu. Kimekaa vizuri mno! Akina mama wamepiga vigelegele. Mimi nimetazama mbao.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Naandika simuni, humu humu ndani ya birika.

Sikupanga. Kwaya imeimba, Gilbert kaja na mpira wa maji kuanza kujaza, na chini nasikia wale wadogo wanapiga makofi na mwalimu wao Donatille. Nimevua viatu, nimepanda, nimekaa. Bado pakavu. Wameniambia nitoke. Ng'o! Nimesema: watoto watoke kule chini kwanza, ndipo mfungulie.

Mtu kasema nina pepo. Mwingine ananirekodi. Merveille amesimama mlangoni na gauni lake, machozi yanamtoka, hanitazami. Hilo limeniuma kuliko yote. Lakini sisimami.

Gilbert kasema atafungulia nikiwa humu humu. Nikamwambia fungulia. Hajafungulia.

Sasa Mchungaji ameinama ukingoni. Kwa sauti ndogo, kwa mara ya kwanza, ameuliza: "Mama, kwani ni uzito gani?"

Kabla sijafumbua mdomo Gilbert amejibu, macho chini:

"Tani mbili na kilo mia saba, Mchungaji."

Alijua! Alishapiga hesabu, tena sijui tangu lini!

Kule chini bado wanapiga makofi. Mpira bado uko mkononi mwake.